Neva Irudiyo: Jinsi Sauti Inavyolindwa Katika Upasuaji wa Rovu

Katika shingo ya kila binadamu zimo neva mbili nyembamba, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto, ambazo kwa kawaida unene wa kila moja haupiti milimita tatu. Neva hizo ndizo ziziamrishazo nyuzi za sauti kufunguka na kufungika. Mwalimu asomapo majina ya wanafunzi wake asubuhi, mwanakwaya aimbapo, mchuuzi aitapo wateja katika Soko Kuu la Arusha, na mtu yeyote akohoapo ili kulitoa tone la maji lililopotea njia, neva hizo huwa kazini. Maadamu ni nzima, hakuna azikumbukaye.

Iko siku moja, hata hivyo, ambapo hapana budi zikumbukwe, nayo ni siku ya kupasua rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo ambao watu wengi huuita goita. Neva hizo hupita nyuma ya tezi hiyo kwa ukaribu mno, hata kisu, uzi wa kufungia mshipa wa damu, au joto la chombo cha umeme laweza kuziharibu kwa nukta chache tu. Habari za mtu aliyeingia hospitalini akizungumza vizuri na kutoka akinong'ona huenea haraka kijijini, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengine huogopa upasuaji, wakakaa na uvimbe wao mwaka baada ya mwaka.

Hofu hiyo ina msingi, lakini matokeo yake ni kinyume cha yale mgonjwa anayoyataka. Rovu lililoachwa likakua huzisukuma neva kutoka mahali pake pa kawaida, huzinyosha, na pengine huteremka hadi ndani ya kifua. Mgonjwa aliyekawia kwa kuogopa kupoteza sauti huwa amemwongezea daktari ugumu wa kuiokoa sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo yafaa kueleza hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani, hutokeaje, na elimu ya tiba imejifunza nini kuhusu kuiepuka.

Rovu katika miteremko ya Meru

Tezi ya shingo, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia dundumio, ina umbo la kipepeo aliyekumbatia koo la hewa. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni ziongozazo kasi ya shughuli za mwili, ukuaji wa mtoto na ujenzi wa ubongo wake. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa pasipo iodini, ambayo nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito huhitaji 250. Kiasi cha kumtosha mtu kwa maisha yake yote hakizidi kijiko kimoja cha chai.

Kiasi hicho, ingawa ni kidogo, si rahisi kupatikana katika nchi za milima. Mvua zinyeshazo kwa maelfu ya miaka huiosha iodini kutoka udongoni na kuipeleka baharini kwa njia ya mito. Mazao yaoteshwayo katika udongo huo hukosa madini joto, na walao mazao hayo hukosa pia. Hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huiamuru dundumio kufanya kazi kwa bidii zaidi. Dundumio hutii kwa kukua, na kukua huko ndiko rovu. Katika Tanzania ugonjwa huu ulijulikana sana katika nyanda za juu za kusini, na milima ya kaskazini haikusalimika.

Wenyeji wa Mlima Meru wanaifahamu kasoro nyingine iletwayo na maji ya mlima huo wa volkano, nayo ni meno yenye rangi ya kahawia. Haifai kuyachanganya mambo haya mawili. Meno ya kahawia huletwa na wingi wa floridi katika maji na katika magadi yatumiwayo kulainisha maharage na makande, ilhali rovu hutokana mara nyingi na upungufu wa iodini. Mwalimu wa kemia atatambua kwamba florini na iodini ni ndugu wa jamii moja, jamii ya halojeni. Katika mazingira hayo hayo mtu aweza kuzidiwa na ndugu mmoja huku akimkosa mwingine.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa rahisi, yaani kutia madini joto katika chumvi. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa asilimia 25 ya Watanzania walikuwa na rovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ikaanza kuitia iodini chumvi yote ya kuliwa. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa uliofanywa katika shule za Tanzania Bara mwaka 2004 ulionyesha kwamba asilimia 83.6 ya kaya zilikuwa zikitumia chumvi hiyo, na kwamba rovu miongoni mwa wanafunzi lilikuwa limeshuka hadi asilimia 6.9.

Ushindi huo ni mkubwa, lakini haukuufunga mlango wa chumba cha upasuaji. Rovu la miaka mingi, ambalo limekwisha kujaa vinundu, halisinyai kwa kula chumvi nzuri. Aidha, yapo maradhi mengine ya dundumio yasiyotokana na upungufu wa iodini, yakiwamo saratani na kuzidi kwa homoni. Uvimbe unapolibana koo la hewa, unapomzuia mtu kumeza, au unaposhukiwa kuwa saratani, mara nyingi kisu ndicho tiba. Wengi wa wagonjwa hao ni wanawake.

Safari ndefu ya neva

Neva zinazohusika ni matawi ya neva kubwa iitwayo vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji, kwa kuwa hutoka kwenye ubongo ikashuka hadi kifuani na tumboni. Mtu angetazamia kwamba tawi la kwenda kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho sehemu ya juu ya koo la hewa, lingechepuka shingoni na kwenda moja kwa moja. Sivyo ilivyo. Tawi la kushoto hushuka pamoja na vagasi hadi kifuani, likazunguka chini ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha likapanda tena hadi kwenye zoloto. Tawi la kulia huzunguka chini ya mshipa wa damu uendao mkononi, karibu na mfupa wa mtulinga, nalo likapanda. Ndiyo maana wataalamu waliliita kwa Kilatini jina lenye maana ya "irudiyo". Kuanzia linapogeuka, tawi la kushoto lina urefu wa sentimita 12 hivi, na la kulia nusu yake.

Mfano wa ajabu zaidi wa jambo hili uko katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru wenyewe, ambako twiga huonekana kwa wingi. Twiga naye anayo neva irudiyo. Umbali kati ya ubongo wake na zoloto lake ni mdogo, lakini neva yake ya kushoto hushuka shingo yote ndefu hadi kwenye aota na kupanda shingo hiyo hiyo tena, safari iwezayo kupita mita nne.

Sababu ya mzunguko huo iko katika historia ya viumbe. Katika juma la nne na la tano la mimba moyo wa kijusi huwa karibu na kichwa, na mishipa yake ya damu hupangika kama matao, mfano wa matao ya mashavu ya samaki. Wakati huo neva hupita chini ya tao moja kwa njia fupi iliyonyooka. Kijusi kinapokua shingo hurefuka na moyo hushuka kifuani, nalo tao likiteremka huivuta neva pamoja nalo. Kwa samaki mpango huo hauna taabu yoyote. Kwa mamalia mwenye shingo ndefu umekuwa urithi usioweza kubadilishwa.

Somo hili humpa daktari jambo la kutahadhari. Kwa watu wachache, pungufu ya mmoja kati ya 100, mshipa wa damu wa mkono wa kulia hujengeka mahali pasipo pa kawaida, na hapo neva ya kulia haina cha kuzunguka. Huchepuka shingoni na kuingia kwenye zoloto moja kwa moja. Daktari aitafutaye chini hataiona, na asipokumbuka uwezekano huo aweza kuikata akidhani ni mshipa mdogo wa damu. Upande wa kushoto jambo hili ni nadra mno.

Neva ikijeruhiwa

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili iliyo ndani ya zoloto. Mtu anapovuta pumzi hufunguka kama milango miwili, na anapozungumza hukutana katikati zikatikiswa na hewa itokayo mapafuni. Anapomeza hufungika ili chakula kisiingie kwenye koo la hewa. Misuli karibu yote ifanyayo kazi hiyo hupokea amri kutoka kwa neva irudiyo.

Neva ya upande mmoja ikilemaa, uzi wa sauti wa upande huo husimama pasipo kusogea. Ule wa pili huufuata lakini haukutani nao barabara, kwa hiyo hewa huvuja na sauti huwa ya mkwaruzo, dhaifu, yenye kuchoka haraka. Mgonjwa hupaliwa na maji. Kwa mtu wa kazi nyingine hali hiyo ni usumbufu, lakini kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini yaweza kuwa mwisho wa kazi. Neva zote mbili zikilemaa hatari huwa ya namna nyingine. Nyuzi zote mbili husimama karibu na katikati, milango haifunguki, na mgonjwa hukosa hewa. Huenda ikalazimu kutoboa koo la hewa papo hapo ili kumwokoa.

Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2009, yenye wagonjwa wapatao 25,000, yalionyesha kwamba neva ililemaa kwa muda kwa karibu wagonjwa 10 kati ya kila 100, na kwa daima kwa wagonjwa 2 hivi kati ya 100. Hesabu hizi hubadilika kutegemea uzoefu wa daktari, ukubwa wa rovu, na kama ni upasuaji wa kwanza au wa kurudia. Hata hivyo zaonyesha mambo mawili, kwamba hatari ipo, na kwamba wengi sana wa waliopasuliwa hawakupoteza sauti yao kwa daima.

Kutoka kwa Galeni hadi Lahey

Elimu ya neva hizi ni ya kale. Katika karne ya pili baada ya Kristo, tabibu Galeni aliyefanya kazi Roma aliwaonyesha watu hadharani kwamba nguruwe apigaye kelele hunyamaza ghafla neva zake za shingo zifungwapo. Galeni alieleza pia habari za wapasuaji walioondoa uvimbe wa shingo kwa watoto na, kwa kutojua, wakawaacha bubu.

Hata hivyo, kwa karne nyingi upasuaji wa dundumio ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo, kwa sababu tezi hiyo ina damu nyingi sana. Aliyebadilisha hali hiyo kuliko wengine ni Theodor Kocher wa Bern, katika Uswisi, nchi ya milima ambayo nayo ilisumbuliwa na rovu. Katika upasuaji wake wa mwanzo zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi alifariki. Kabla ya kifo chake mwaka 1917 alikuwa amepasua wagonjwa zaidi ya 5,000, na vifo vilikuwa vimeshuka chini ya mmoja kati ya 100. Siri yake ilikuwa kufanya kazi polepole, kufunga kila mshipa wa damu kabla ya kuukata, na kuweka mahali pa kazi pakavu ili macho yaone. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Baada ya vifo kupungua, ukabaki ubishi kuhusu neva. Wapasuaji wengi waliamini kwamba neva isiyoguswa wala kutafutwa ndiyo iliyo salama, na kwamba kuitafuta ni kuijeruhi. Waliacha kipande cha tezi nyuma ili wasiikaribie. Mwaka 1938 Frank Lahey wa Boston, Marekani, akitumia uzoefu wa upasuaji zaidi ya 3,000, alitetea hoja iliyo kinyume: neva itafutwe makusudi, ionekane kwa macho, kisha ifuatwe hadi mahali inapoingia kwenye zoloto. Leo kanuni ya Lahey ndiyo inayofundishwa ulimwenguni kote. Kisichoonekana hakiwezi kulindwa.

Njia za kujeruhi na njia za kukinga

Watu wengi hudhani kwamba neva huharibika kwa kukatwa. Kukatwa hutokea, lakini si njia ya kawaida. Mara nyingi neva huvutwa. Daktari huinua tezi na kuigeuza upande wa kati ili aone nyuma yake, na neva, ambayo karibu na zoloto imeshikwa na kano ngumu, hukazwa kama kamba ya hema. Njia nyingine ni kubanwa na koleo, kufungwa pamoja na mshipa wa damu, au kuunguzwa na chombo cha umeme cha kuzuia damu, ambacho joto lake husambaa milimita kadhaa kupita ncha yake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba neva iliyovutwa au kuunguzwa aghalabu huonekana nzima kabisa kwa macho.

Kinga huanza kabla ya kisu. Mgonjwa huchunguzwa nyuzi za sauti, maana wapo wanaofika hospitalini neva moja ikiwa imekwisha kulemaa bila wao kujua, na kwa mgonjwa wa namna hiyo neva iliyobaki ina thamani maradufu. Uchunguzi huo hauhitaji mashine ya gharama. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alizitazama nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo cha mpini mrefu na mwanga wa jua. Kioo cha namna hiyo, kilichopashwa moto kidogo ili kisiingie ukungu, chatosha hata leo mahali pasipo na darubini ya koo.

Ndani ya chumba cha upasuaji daktari huongozwa na alama za mwili. Ya kwanza ni mfereji ulio kati ya koo la hewa na umio, ambamo neva hupanda. Ya pili ni mshipa wa chini upelekao damu kwenye dundumio. Neva huukata mshipa huo njia, lakini yaweza kupita mbele yake, nyuma yake, au katikati ya matawi yake, na kwa hiyo mshipa huo haufungwi kwa fundo moja mbali na tezi. Ya tatu ni kinundu kidogo kilicho ubavuni mwa tezi, kilichoelezwa na Emil Zuckerkandl mwaka 1902, ambacho mara nyingi huifunika neva kama kifuniko. Ya nne, na ya kutegemewa kuliko zote, ni mahali neva inapoingia kwenye zoloto, karibu na pembe ya chini ya gegedu la mbele la zoloto.

Sentimita mbili za mwisho kabla ya mahali hapo ndizo za hatari zaidi. Hapo kano huishikamanisha tezi na koo la hewa, mishipa midogo ya damu hutoka ghafla, na neva nayo huenda imekwisha kugawanyika matawi mawili, la mbele likiwa ndilo lenye kubeba amri nyingi za misuli. Damu ikitoka, daktari mwenye subira hukandamiza kwa pamba na kungoja. Mwenye pupa hupeleka koleo gizani. Madhara mengi yamezaliwa na koleo hiyo moja.

Tangu miaka ya 1960 wataalamu wamejaribu kuisaidia macho kwa umeme. Mkondo dhaifu, wa miliampea moja hivi, huguswa kwenye neva. Ikiwa ni nzima, misuli ya zoloto hushtuka. Katika mashine za kisasa mshtuko huo hunaswa na elektrodi zilizowekwa kwenye mpira wa kupumulia, ukasikika kama mlio. Pasipo na mashine hiyo daktari aweza kutumia kichocheo kidogo cha betri na kuweka kidole nyuma ya zoloto kuusikia mshtuko. Kwa njia zote mbili mgonjwa hapaswi kuwa chini ya dawa ya kulegeza misuli wakati wa kupima, la sivyo neva nzima itaonekana imekufa.

Faida kubwa ya mashine hizo ni kumjulisha daktari hali ya neva ya upande wa kwanza kabla hajaanza wa pili. Ikiwa haijibu, aweza kusimama, akafunga jeraha, na kuahirisha upande wa pili hadi neva ipone. Hivyo huepukana na janga la kulemaa kwa neva zote mbili. Lakini si sahihi kudhani kwamba mashine hufanya kazi ya elimu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba hupunguza ulemavu wa neva kuliko kuitafuta na kuiona kwa macho peke yake. Kwa nchi isiyo na fedha za kutupa hiyo ni habari njema: sehemu kubwa ya kinga iko katika mikono na akili iliyofundishwa.

Neva ya sauti ya juu

Mbali na neva irudiyo iko nyingine, nyembamba zaidi, inayoshuka kutoka juu karibu na mishipa ya damu ya ncha ya juu ya dundumio. Kazi yake ni kuukaza uzi wa sauti, kama fundi akazavyo waya wa gitaa, ili sauti ipande. Ikijeruhiwa mgonjwa huzungumza karibu kama kawaida, bali hawezi kuimba noti za juu wala kuita mtu wa mbali. Kwa miaka mingi vitabu vya upasuaji vilimtaja Amelita Galli-Curci, mwimbaji mashuhuri wa opera aliyepasuliwa rovu huko Chicago mwaka 1935, kuwa mfano wa jeraha hilo. Wachunguzi walioirudia habari yake mwaka 2001 walitilia shaka maelezo hayo, lakini onyo lenyewe limebaki kuwa la kweli. Kinga yake ni kutofunga mishipa ya juu kwa fundo moja kubwa. Hufungwa mmoja mmoja, karibu kabisa na tezi.

Baada ya upasuaji

Sauti ya mkwaruzo siku ya kwanza si lazima iwe dalili ya neva iliyojeruhiwa, kwa kuwa mpira wa kupumulia peke yake huchubua koo. Mkwaruzo ukiendelea kwa majuma mawili au zaidi, au mgonjwa akipaliwa mara kwa mara, yafaa arudi hospitalini nyuzi zake zitazamwe. Kupumua kwa shida au shingo kuvimba ghafla ni dharura isiyongoja asubuhi.

Neva iliyovutwa tu hurudia kazi yake kwa majuma au miezi michache. Nyuzi za neva zilizokatika huota upya kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku, lakini si zote hufika mahali pake. Kwa sababu hiyo madaktari hungoja hata mwaka mmoja kabla ya kusema kwamba ulemavu ni wa kudumu. Wakati huo mazoezi ya sauti husaidia, na baadaye zipo njia za kuusogeza uzi uliolala ili uweze kukutana na mwenzake.

Ujuzi wa haya yote hupatikana kwa mafunzo na kwa wingi wa kazi. Arusha ina nafasi ya pekee katika jambo hilo, kwa kuwa makao makuu ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini kilichoundwa mwaka 1999, yako katika jiji hilo. Chuo hicho huwafunza wapasuaji ndani ya hospitali za nchi zao wenyewe. Kwa mgonjwa wa Meru hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mgonjwa anayo haki ya kumwuliza daktari wake maswali matatu: Je, nyuzi zangu za sauti zitatazamwa kabla na baada? Je, neva zitatafutwa na kuonekana? Je, yupo mwenye uzoefu wa upasuaji huu?

Mambo mawili ya kufanya darasani

Mwalimu wa biolojia aweza kununua buchani shingo ya mbuzi iliyo na koo la hewa na zoloto lake. Wanafunzi walitazame koo hilo, waupate umio nyuma yake, kisha waitafute katika mfereji uliopo kati ya hivyo viwili kamba nyembamba nyeupe ipandayo hadi kwenye zoloto. Waivute polepole kwa kibanio na kuona jinsi inavyokazika. Atakayeikata kwa bahati mbaya kabla ya kuiona atakuwa amejifunza zaidi kuliko wenzake.

Mwalimu wa kemia naye aweza kupima chumvi zinazoliwa katika nyumba za wanafunzi. Chumvi ya Tanzania hutiwa iodeti ya potasiamu, ambayo pekee haibadilishi rangi ya wanga. Tayarisha uji mwepesi wa wanga, tia iodaidi kidogo ya potasiamu na matone ya asidi hafifu ya hidrokloriki, kisha dondosha juu ya chumvi. Rangi ya buluu ni dalili ya madini joto. Mmenyuko wake ni huu:

IO3⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I2 + 3H2O

Jaribu kwanza mchanganyiko huo pasipo chumvi ili kuhakikisha kwamba wenyewe hauna rangi. Limau halifai kuwa asidi ya jaribio hili, kwa kuwa vitamini C iliyomo huiondoa rangi ya buluu. Majibu yaandikwe katika jedwali, na kila mwanafunzi apeleke nyumbani habari ya chumvi yao, maana mtoto ambaye dundumio lake halikupata kuvimba hana haja ya daktari wa kuitafuta neva yake.